Namna ya kujua kama kotabeki ni mkali kweli au anabebwa na mfumo

Huu ubishi hauishi. Kila msimu wa NFL, ligi ya soka la Kimarekani, anatokea kotabeki mmoja (yule anayetupa pasi na kuongoza mashambulizi) anatupia tachidauni, yaani pasi za bao, tatu kila wiki, nusu ya watu wanasema jamaa ana kipaji cha hatari, nusu nyingine wanasema huyo anabebwa tu, mpelekeni timu mbovu muone. Na pande zote mbili huwa hazina ushahidi, wanatupiana namba za yadi basi. Nitaelezea hapa namna ninavyoangalia mimi. Na kama upo Bongo au Nairobi usiseme muda hakuna, mechi za kwanza za Jumapili zinaanza saa 2 usiku, Marekani wakishabadilisha saa zao Novemba inakuwa saa 3, kwa hiyo mechi nzima unaiangalia na Jumatatu unaenda kazini kama kawaida. Hailaiti achana nazo kabisa, hakuna kitu kinadanganya kama hailaiti.

Msimamo wangu nausema mapema ili tusipotezeane muda: mfumo mzuri unaweza kumpa mchezaji wa kawaida ushindi mwingi sana, hata msimu mzima. Ila mfumo una mahali unakatika, na hapo ndo unaangalia. Kotabeki usimpime kwa pasi ambazo zimeenda kama kocha alivyochora ubaoni, mpime kwa zile ambazo mchoro umevurugika.

Kitu cha kwanza kabisa, kabla hujafungua hata mechi moja, tafuta mwaka ambao mtu alibadilika mfumo ukabaki, au mtu alibaki mfumo ukabadilika. Hiyo inakupa picha kuliko miaka kumi ya kubishana. Mfano ambao kila mtu anautumia ni Tom Brady. 2007 Patriots walimaliza msimu wa kawaida 16-0 (ushindi 16, kupoteza 0), Brady akiwa na tachidauni 50. 2008 mechi ya kwanza tu dhidi ya Chiefs akaumia goti, msimu ukaisha kwake. Akaingia Matt Cassel, mtu ambaye hajaanza mechi kama kotabeki tangu sekondari, chuoni USC alikuwa benchi miaka yote nyuma ya Carson Palmer na Matt Leinart. Patriots wakamaliza 11-5! Hapo wapinzani wa Brady walishangilia mpaka basi, mmeona, ni kocha Belichick huyo, weka yeyote pale.

Sawa, sasa chukua Colts. 2010 wakiwa na Peyton Manning walikuwa 10-6. 2011 Manning hakucheza kabisa kwa sababu ya shingo, Colts wakapoteza mechi 13 mfululizo na kumaliza 2-14. Swali lile lile, jibu la kinyume kabisa. Kwa hiyo mtu akikuletea mfano wa Cassel peke yake jua amekuchagulia, muulize na wa Colts uko wapi. Kiukweli ukiangalia vizuri hata huo wa Cassel hausemi wanachotaka useme, maana kutoka 16-0 mpaka 11-5 ni mechi tano zimepotea na sehemu kubwa ya timu imebaki ile ile, na pleiofu (hatua ya mtoano) hawakuingia.

Halafu usiishie mwaka mmoja, mfuate mtu alikoenda. 2020 Brady anahamia Tampa Bay, msimu anaucheza akiwa na miaka 43. Kocha Bruce Arians alikuwepo tangu mwaka uliopita, mpanga mashambulizi Byron Leftwich alikuwepo, wapokeaji Mike Evans na Chris Godwin walikuwepo, na timu ilikuwa imemaliza 7-9. Kotabeki wa 2019 Jameis Winston alitupa tachidauni 33 na intasepsheni 30, yaani mpira kaupeleka kwa adui mara 30 kwenye msimu mmoja. Brady akatupa tachidauni 40 na intasepsheni 12, Bucs (ndo Tampa Bay hao) wakabeba Super Bowl, fainali ya ligi, kwa kuwafunga Chiefs 31-9. Mwaka huo huo Patriots bila yeye 7-9. Mimi kwa Brady kesi niliifunga hapo. Lakini tuwe wakweli, aliongozana na Rob Gronkowski, timu ikapata mlinzi wa kotabeki Tristan Wirfs kwenye drafti (pale timu zinapochagua wachezaji wapya kutoka vyuoni), na difensi ya Todd Bowles ilikuwa moto. Ukilinganisha miaka miwili lazima uandike pembeni nani mwingine aliingia na nani alitoka, usipofanya hivyo unajidanganya mwenyewe.

Kesi ninayoipenda zaidi ni ya Jared Goff na Matthew Stafford, na naona watu wanaipita haraka wakati ina kila kitu ndani. Goff alichukuliwa namba moja kwenye drafti ya 2016 na Rams. Mwaka wa kwanza, ambao kocha Jeff Fisher alifukuzwa kabla msimu haujaisha, alianza mechi 7 akapoteza zote 7, watu wakasema tayari huyu ni bure kabisa. 2017 akaja Sean McVay, kocha wa miaka 31, na Rams wakatoka kuwa timu iliyofunga pointi chache kuliko zote kwenye ligi mpaka kuwa inayoongoza. Mtu yule yule! Hapo unaona mfumo waziwazi. Kulikuwa na kitu kimoja McVay alikuwa anakifanya ambacho ukishakijua hutaacha kukiangalia. Kofia ya kotabeki ina redio, kocha anaongea naye mpaka zibaki sekunde 15 kwenye saa ya kuanzisha mpira, hapo inakatwa. Rams walikuwa wanawahi kupanga mstari, kwa hiyo McVay bado yuko sikioni mwa Goff wakati difensi imeshajipanga, anamwambia anachokiona. Super Bowl ya msimu wa 2018 wakakutana na Belichick, Rams nzima wakapata pointi 3 tu, wakafa 13-3.

2021 Rams wakabadilishana na Lions ya Detroit, Goff pamoja na nafasi za kuchagua kwenye drafti wakaenda Detroit, Stafford akaja Rams. Stafford alikuwa Lions miaka 12 bila kushinda hata mechi moja ya pleiofu, watu walikuwa wanamsema ni mkono tu, kichwa hamna. Msimu wa kwanza tu na McVay akabeba Super Bowl. Mnaona? Mfumo ule ule ulimfikisha Goff mpaka fainali na kumfikisha Stafford mpaka kombe, na tofauti ni kwamba Stafford ukimkatia njia anatafuta nyingine, ana pasi za kutupa huku anaangalia upande mwingine kabisa. Lakini usimzike Goff, maana Detroit walianza naye 3-13-1 (hiyo moja ni sare), wakajenga laini ya mbele, Ben Johnson akapanga mashambulizi yanayomfaa, na 2024 wakamaliza 15-2. Kwa hiyo Goff ni nini? Kwangu mimi ni kotabeki mzuri sana ambaye anahitaji kila kitu kiwe mahali pake. Hilo sio tusi, wengi hata ukiwawekea kila kitu mahali pake bado wanaharibu.

Haya sasa mechi yenyewe. Acha kufuata mpira, najua ni ngumu mwanzoni. Mpira ukianzishwa hesabu kimoyomoyo moja, mbili, tatu. Pasi nyingi zinatoka kabla ya tatu, na kama inaenda kwa mtu wa kwanza anayemwangalia, na mtu huyo yuko peke yake hata hakuna anayemgusa, hiyo pasi iandike kwa kocha. Sio kwamba ni rahisi, mimi na wewe tungeangukiwa na mijitu ya kilo 130, ila kwenye kiwango cha NFL hiyo ni kazi inayotegemewa. Ikifika tatu hajatupa, hapo mkazie macho. Anahamisha macho kwa mtu wa pili na wa tatu au anaanza kukimbia hovyo? Anasogea hatua moja mbele kukwepa huku kichwa kiko juu, au anaangalia chini miguuni kwake? Patrick Mahomes wa Chiefs ukimhesabia hivi utaelewa kwa nini watu wanamwogopa, sekunde ya nne na ya tano ndo anaanza kuwa mtamu.

Angalia pia zile za kudanganya kama anampa mkimbiaji mpira halafu anautoa. Difensi ikiingia mkenge inaacha uwanja mzima katikati wazi, kwa hiyo kotabeki ambaye yadi zake nyingi zinatoka huko ujue mkimbiaji na kocha wana hisa kubwa pale. Msubiri dauni ya tatu (jaribio la tatu kati ya manne ya kusogeza mpira yadi 10) na yadi 10 zimebaki, timu iko nyuma kwa pointi 14, robo ya nne. Hapo hakuna cha kudanganya, kila mtu uwanjani anajua pasi inakuja. Kama mtu ni mkali, ukali wake utauona hapo.

Kwenye namba nitapita haraka. Yadi za pasi zinachanganya kwa sababu zinajumlisha na alizokimbia mpokeaji baada ya kudaka, pasi ya yadi 3 kwa mpokeaji kama Deebo Samuel ikageuka yadi 40 kotabeki anaandikiwa zote 40. Kwa hiyo tafuta mgawanyo, yadi zilizosafiri hewani na yadi baada ya kudaka, siku hizi zinapatikana bure. Kuna kipimo kinaitwa CPOE, kinaangalia pasi ilikuwa ngumu kiasi gani halafu kinasema jamaa kafikisha nyingi kuliko zilizotegemewa au chache. Kinasaidia, ila hakijui mpokeaji alikosea njia, hakijui kocha aliagiza nini. Macho bado yanahitajika.

Na laini ya mbele jamani, wale watano wanaomlinda, watu wanawasahau kabisa. Fainali ile ya 2021 ambayo Chiefs walipigwa 31-9, Mahomes hakupata hata tachidauni moja, alikuwa anakimbizwa usiku kucha kwa sababu walinzi wake wawili wa pembeni, Eric Fisher na Mitchell Schwartz, wote walikuwa majeruhi. Kama Mahomes anaweza kuonekana vile, basi dogo wa timu mbovu anayeangushwa mara tano kila wiki usimhukumu kwanza.

Mwingine atakuletea makombe. Hapo mwambie amtazame Manning tena, mtu mmoja huyo huyo. 2013 na Broncos alitupa tachidauni 55, rekodi ya ligi, Super Bowl akapigwa 43-8. 2015 amechoka, tachidauni 9 na intasepsheni 17, msimu mbaya kweli kweli, na ndo akabeba kombe kwa sababu difensi ya kina Von Miller ilikuwa inakaba mpaka kivuli. Ukihesabu makombe peke yake utasema Manning wa 2015 ni bora kuliko wa 2013, na hakuna mtu mwenye macho anayeweza kusema hivyo.

Sasa tumia yote haya kwa Brock Purdy, maana ndo huyu watu wanagombana kwa ajili yake. Alichukuliwa wa mwisho kabisa drafti ya 2022, namba 262. Akaingia 49ers baada ya Trey Lance na Jimmy Garoppolo kuumia, 2023 akaongoza ligi kwa reiting ya pasi, 113.0, wakafika Super Bowl. Pembeni yake walikuwepo Christian McCaffrey, Deebo, George Kittle, Brandon Aiyuk, na Trent Williams anamlinda, na Kyle Shanahan anachora. Upande wa mfumo ushahidi upo mwingi: Garoppolo naye alifika Super Bowl na kocha huyo huyo, na 2025 Purdy alivyoumia akaingia Mac Jones, ambaye Patriots walishamchoka, naye akashinda mechi nyingi kuliko alizopoteza. 2024 McCaffrey alicheza mechi 4 tu, Aiyuk akaumia goti, Williams akakosa mechi kibao, timu ikamaliza 6-11. Bado 49ers wakampa Purdy mkataba wa miaka 5 wa dola milioni 265, na sidhani wale ni wajinga, wanamwona mazoezini kila siku.

Mimi namweka juu ya Garoppolo na chini ya Stafford, ila usinichukulie mimi, jaribu mwenyewe na mechi mbili. Anza na ile ya Krismasi 2023 dhidi ya Ravens, walipigwa 33-19 na Purdy akatupa intasepsheni 4. Hesabu sekunde, angalia ngapi ni kosa lake na ngapi mpira uliguswa njiani. Halafu fungua fainali ya NFC (nusu ya ligi inayotoa timu moja kwenda Super Bowl) ya Januari 2024 dhidi ya Lions, wako nyuma 24-7 mapumziko, wakashinda 34-31. Kipindi cha pili uone anavyokimbia na mpira mwenyewe njia zikifungwa. Na ile ndefu ya Aiyuk iliyodunda usoni kwa beki kwanza ndo akaidaka, hiyo usimwandikie mtu yeyote.