Somo: Kupanga malisho ya mifugo kwa kompyuta, kuanzia ramani hadi kalenda ya vitalu

Wafugaji wengi wakifungua kompyuta kupanga malisho huuliza kwanza: ng'ombe wataingia kitalu gani kesho? Mimi naomba tuanzie upande wa pili. Kitalu walichotoka leo kitapumzika siku ngapi kabla kwato hazijarudi? Ukishaijua idadi hiyo, yanayobaki ni hesabu. Ukiikosea, nyasi zitaisha hata ramani yako iwe nzuri vipi.

Tutatumia programu mbili za bure: QGIS kwa ramani na LibreOffice Calc kwa lahajedwali. Aliyezoea Excel abaki nayo, fomula ni zilezile.

Hatua ya 1: Chora shamba

Fungua QGIS, weka picha ya setilaiti iwe chini, kisha unda tabaka jipya la poligoni na uchore mpaka wa kila kitalu. Visima, mabwawa na mabirika yaweke kwenye tabaka lake la nukta. Kama uzio hauonekani kwenye picha, ufuate kwa miguu ukiwa na simu yenye GPS, hifadhi njia yako kama faili ya GPX, kisha iburute hadi ndani ya QGIS.

Kabla hujapima chochote, angalia tabaka lako linahesabu kwa kipimo gani. Data za GPS huja kwa nyuzi za latitudo na longitudo. Mtu anataka duara la mita 1,600 kuzunguka kisima, anaandika 1600, programu inaelewa nyuzi 1,600, na duara linaimeza dunia nzima. Hifadhi tabaka upya katika mfumo wa UTM wa ukanda wako, ambao hupima kwa mita, ndipo uendelee. Ukubwa wa vitalu utaupata kwa kufungua jedwali la tabaka, kuingia kwenye kikokotoo chake na kuandika `$area / 10000`. Jibu ni hekta.

Hatua ya 2: Punguza hekta ambazo mifugo haitazila

Hekta za ramani si hekta za malisho. Ng'ombe hawapendi kwenda mbali na maji wala kupanda milima. Kanuni inayotumiwa sana na wataalamu wa nyanda za malisho ni hii: hadi kilomita 1.6 kutoka kwenye maji, hesabu eneo lote. Kati ya kilomita 1.6 na 3.2, hesabu nusu. Zaidi ya hapo, usihesabu kitu. Kwa mteremko, hadi asilimia 10 hupunguzi chochote. Asilimia 11 hadi 30, punguza asilimia 30. Asilimia 31 hadi 60, punguza asilimia 60. Zaidi ya 60, liache eneo lote.

Umbali utaupata kwa kuchora maduara kuzunguka nukta za maji. Mteremko utaupata kutoka data za mwinuko za SRTM, zilizokusanywa na chombo cha anga mwezi Februari 2000, ambazo ni za bure. QGIS inazigeuza kuwa ramani ya mteremko mara moja. Tuseme kitalu kina hekta 6, na 2 kati yake zina mteremko wa asilimia 20. Hekta zako za kweli ni 4 + (2 × 0.7), yaani 5.4. Kanuni hii ni ya ng'ombe. Mbuzi atapanda pale ambapo ng'ombe anageuka.

Hatua ya 3: Pima nyasi kwa mikono yako

Hapa ndipo watu huniambia, "Mwalimu, si tulikuja kujifunza kompyuta?" Kompyuta haijui una nyasi kiasi gani mpaka uiambie, na mimi nimeona mipango mingi ikifa kwa sababu ya namba iliyokisiwa ukiwa umesimama mlangoni mwa kitalu.

Kunja waya nene upate fremu ya mraba, sentimita 50 kwa 50. Ndani ya kitalu tembea hatua 30, iweke fremu pale mguu wa mwisho ulipotua, hata kama ni mahali pabaya. Mkono wako utataka kuisogeza kwenye kichaka cha nyasi nzuri pembeni. Usiuruhusu. Kata kila kitu kinacholiwa kilichomo ndani ya fremu, hadi karibu na udongo, na uache samadi, miti na magugu ambayo mifugo hupita bila kuyagusa. Tia kwenye mfuko, andika namba, endelea. Chukua sampuli 10 kwa kitalu, na zaidi kama nyasi zina mabaka mabaka.

Kausha sampuli juani zikiwa zimetandazwa mpaka zikivunjwa zinalia. Wenye maikrowevu huzikausha kidogo kidogo, kukiwa na glasi ya maji ndani, wakipima kila mara mpaka uzito uache kushuka. Chukua wastani wa gramu kavu, zidisha kwa 40, na hizo ni kilo kwa hekta. Wastani wa gramu 40 maana yake kilo 1,600 kwa hekta.

Hatua ya 4: Ingiza kwenye lahajedwali

Ng'ombe mmoja hula kwa siku karibu asilimia 2.5 ya uzito wake, tukihesabu chakula kikavu. Ng'ombe 40 wa kilo 300 kila mmoja ni kilo 12,000 za mifugo, kwa hiyo wanahitaji kilo 300 kwa siku. Kwenye Calc, idadi ikiwa B2 na uzito B3, andika `=B2*B3*0.025`.

Nyasi zako ni kilo 1,600, lakini hutazila zote. Bakisha nusu, na kwenye nyanda kavu bakisha zaidi ya nusu. Sasa una kilo 800 kwa hekta. Kundi likikaa siku 3 litahitaji kilo 900, kwa hiyo kitalu kiwe na hekta 1.125 za kweli.

Hatua ya 5: Kalenda

Gawanya siku za kupumzika kwa siku za kulisha, ongeza 1. Pumziko la siku 42 na malisho ya siku 3 ni 14 + 1, yaani vitalu 15. Ile 1 ni kitalu kinacholiwa wakati wenzake wamelala.

Kila mstari uwe kitalu kimoja, na safu ziwe: tarehe ya kuingia, tarehe ya kutoka, tarehe ya mapema ya kurudi, na kando yake tarehe halisi. Kama kutoka ni C2, tarehe ya kurudi ni `=C2+42`. Hiyo 42 ihifadhi kwenye kisanduku kimoja peke yake na fomula zote zikirejelee, maana utaibadilisha mara nyingi. Nyasi zinapokua haraka, wiki nne zinaweza kutosha. Mvua zikikata, hata miezi miwili haitoshi.

Jaribu kuibadilisha iwe 70. Kwa vitalu vilevile 15, kila kitalu kinatakiwa kuwalisha siku 5, yaani kilo 1,500, na wewe unazo 900. Pengo la kilo 600 kwa kila kitalu limetokea kwenye kioo cha kompyuta wakati nyasi bado ziko. Unaweza kununua majani makavu kabla hayajapanda bei, au kushuka hadi ng'ombe 24, ambao kilo 900 zinawatosha siku 5. Aliyepanga kichwani hulijua pengo hilo siku anapoona mbavu za ng'ombe.

Hatua ya 6: Hakiki kwa setilaiti

Setilaiti za Sentinel-2 hupita kila baada ya siku kama 5, na picha zake, zenye pikseli za mita 10, hutazamwa bure kwenye Copernicus Browser. Chagua NDVI, yaani kipimo cha ukijani wa mimea, ulinganishe vitalu vyako. Kitalu ambacho kijani chake hakipandi wiki tatu baada ya kulishwa kinaomba muda. Kumbuka tu kwamba NDVI huona ukijani, haioni kilo, na kichaka kisicholiwa nacho ni kijani.

Maswali ya wanachama

*Shikamoo mwalimu. Sina kompyuta, nina simu tu. Nifanyeje?*

Marahaba. Lahajedwali inafanya kazi kwenye simu bila shida. Kwa ramani kuna QField, ambayo hufungua mradi wa QGIS ukiwa malishoni. Omba mwenye kompyuta akutengenezee mradi mara moja, baada ya hapo utajitegemea.

*Nimepata wastani wa gramu 225 kwa fremu, sawa na kilo 9,000 kwa hekta. Lakini nyasi zangu zinafika kifundo cha mguu. Nimekosea wapi?*

Ulipima mbichi, ndugu. Sehemu kubwa ya uzito huo ni maji. Kama nyasi zako zina asilimia 20 tu ya kavu, gramu 225 zinakuwa 45, na hekta inakuwa na kilo 1,800. Rudia ukikausha. Afadhali umeuliza kabla ya kuongeza ng'ombe.

*Nina ng'ombe 20 na mbuzi 60 pamoja. Nahesabu vipi?*

Tumia kipimo cha mnyama wa kilo 250: ng'ombe ni 0.7, mbuzi au kondoo 0.1, ngamia 1. Wako ni 14 + 6, yaani 20. Kila kipimo kimoja hula kilo 6.25 (asilimia 2.5 ya 250), kwa hiyo kilo 125 kwa siku. Mbuzi wako wakipata vichaka vya kutosha, nyasi zitakazoliwa zitapungua.

*Mwalimu, kubakisha nusu si kupoteza chakula?*

Majani ndiyo yanayoilisha mizizi. Ukiondoa zaidi ya nusu, mizizi mingi husimama kukua, na nyasi iliyosimama mizizi haifikii maji ya chini mvua zikikata. Nusu unayoiacha ndiyo inayolipa zile siku 42. Ukiila, badilisha 42 iwe namba kubwa zaidi, halafu uone vitalu vyako vinatosha au la.

*Sisi tunachunga eneo la pamoja lisilo na uzio. Somo hili linatuhusu?*

Linawahusu sana. Chora vitalu kwa kufuata mito, njia na vilima ambavyo wachungaji wote wanavijua, na muvipe majina wanayoyatumia wao. Maji ndiyo uzio wenu: mkifunga kisima kimoja, mmefunga eneo linalokizunguka. Chapisheni ramani na kalenda kwenye karatasi, kaeni na wachungaji kabla ya msimu, na wao ndio wapange tarehe. Kisha mmoja wao awe na kalamu ya kujaza ile safu ya tarehe halisi kila kundi linapohama.