Ukitaka Kuzuru Mambo ya Kale Tanzania, Chagua Kisa Kabla ya Mahali

Likizo ikikaribia huwa naulizwa, "Twende wapi tukaone historia?" Anayeuliza mara nyingi ameshajijibu: Mji Mkongwe, Oldupai, Bagamoyo. Sina ugomvi na majina hayo. Tatizo ni kwamba anayachanganya yote kwenye safari moja, leo binadamu wa kale, kesho masultani, keshokutwa Wajerumani, akirudi ana picha tele na hana cha kusimulia.

Mimi naanza na kisa. Nikishakipata, natafuta mahali pamoja penye jina ambapo kisa hicho kinaonekana waziwazi, kisha nakifuata hadi kule kusikotajwa sana. Pale pasipo na jina ndipo mara nyingi utapata nafasi ya kukaa, kuuliza na kujibiwa bila kusukumwa na kundi linalofuata.

Kwa anayeanza, nampa kisa cha Mkwawa, chifu wa Wahehe aliyepigana na Wajerumani, kwa kuwa vituo vyake viko jirani. Ukitokea Dar es Salaam, kabla ya kuingia Iringa mjini utapita Lugalo. Mnara uko kandokando ya barabara kuu, na mabasi hayapunguzi hata mwendo. Hapo ndipo, tarehe 17 Agosti 1891, Wahehe walipolivizia jeshi la Wajerumani na kumuua kamanda wake, Emil von Zelewski. Shuka hapo kwanza. Kalenga iache ya pili: ndiyo ngome ya Mkwawa iliyopigwa mizinga na kutekwa Oktoba 1894, na leo kuna makumbusho yenye fuvu la Mkwawa. Mwenyewe alijiua mwaka 1898 ili asikamatwe. Fuvu lilichukuliwa na Wajerumani, likadaiwa hadi likaandikwa kwenye Mkataba wa Versailles wa 1919, lakini halikurudi Uhehe mpaka 1954. Ukianza na Kalenga, utaliona fuvu kabla hujamjua mwenye nalo.

Ukiwa Iringa, kuiruka Isimila ni dhambi, ingawa haina uhusiano wowote na Mkwawa. Ni kama kilomita 20 kutoka mjini. Kuna korongo lenye nguzo ndefu za udongo zilizochongwa na maji, na zana za mawe za watu wa kale sana zimeachwa palepale chini. Inama uitazame moja kwa karibu: ncha imechongoka, kingo zote mbili zimemenywa, na upande wa kushikia umeachwa mnene ukae kiganjani. Tazama tu, usiokote.

Mwenye siku za ziada aendelee hadi Songea, kwenye makumbusho ya Maji Maji, vita vya kuwapinga Wajerumani, wanapokumbukwa mashujaa walionyongwa tarehe 27 Februari 1906. Kumbukumbu hufanyika kila mwaka tarehe hizo, kwa hiyo ukitaka kwenda wakati huo tafuta chumba mapema. Chimbuko la vita lenyewe liko mbali na hapo, Nandete, kwenye vilima vya Umatumbi, watu walikong'oa pamba waliyolazimishwa kulima, mwaka 1905. Huko si pa kuanzia. Nenda ukishakipenda kisa.

Kisa cha pili ni cha miji ya Waswahili ya pwani, na mkubwa wao ni Kilwa Kisiwani. Msafiri Ibn Battuta wa Moroko alifika mwaka 1331 akausifu mji, na wewe bado utaukuta Msikiti Mkuu na kuba zake, na Husuni Kubwa, jumba la sultani lenye bwawa la pembe nane linalotazama bahari. Kutoka Dar ni kama kilomita 300 hadi Kilwa Masoko. Kibali unakichukua hapo Masoko, si kisiwani, na ndipo unapopata mwongozaji na chombo. Uliza habari za maji kabla ya kupatana bei: yakiwa yamekupwa utatembea matopeni kukifuata chombo. Songo Mnara ni mbali zaidi na unapofika unashuka majini karibu na mikoko, basi vaa kandambili usizozionea huruma. Kwa maoni yangu Songo Mnara inazidi Kisiwani kwa jambo moja: nyumba za wakazi wa mji zipo, unaingia mlangoni, unapita chumba hadi chumba, na kuuelewa mji badala ya ufalme.

Anayeishi Dar simshauri apande basi la Kilwa kabla hajaenda Kunduchi, ambako nusu siku inatosha. Kuna magofu ya msikiti na makaburi ya nguzo. Tafuta vitundu vya mviringo kwenye chokaa, vya ukubwa wa bakuli la uji. Humo zilipachikwa bakuli za kauri kutoka China. Nyingine zingalipo, nyingine zimebanduliwa limebaki shimo. Ukisimama hapo na kujiuliza bakuli la China lilifikaje kaburini kwa mtu wa Kunduchi, uko tayari kwa Kilwa. Ukiona ni mawe tu, umeokoa nauli. Kaole, kando ya Bagamoyo, ni nzuri kwa jaribio hilohilo, na Tongoni, kusini mwa Tanga, nayaweka mwisho kwa sababu nguzo nyingi zimeanguka na inabidi ujue unachokitafuta.

Njia ya misafara, kutoka Bagamoyo kupitia Tabora hadi Ujiji, ni ndefu na si ya wiki moja. Wengi hukimbilia Ujiji kwa ajili ya wasafiri wa Kizungu, Livingstone na Stanley, kukutana mwaka 1871. Mimi ningeenda Kwihara, nje kidogo ya Tabora, kwenye tembe aliloishi Livingstone, nikiwafikiria zaidi watumishi wake, akina Chuma na Susi, waliobeba mwili wake alipokufa hadi pwani ukafika Bagamoyo Februari 1874.

Oldupai, korongo la mabaki ya binadamu wa kale, iko ndani ya Ngorongoro, na viingilio vya hifadhi vinakuhusu, kwa hiyo iunganishe na safari ya wanyama. Michoro ya kale ya miambani ya Kondoa ni rahisi kufikiwa kuliko inavyodhaniwa: ofisi iko Kolo, kwenye barabara ya Dodoma kwenda Babati, ila sehemu ya mwisho ni kupanda mlima kwa miguu.

Mahali popote pasipo na jina napapima kwa maswali machache kabla ya kukata tiketi. Kuna nini kilichosimama hadi leo? Nani ana funguo, na Jumapili anapatikana? Gari la mwisho la kurudi linaondoka saa ngapi? Hata penye jina uliza. Beit el Ajaib, jumba la kale la masultani Mji Mkongwe, iliporomoka sehemu Desemba 2020, na bado kuna wanaopanga safari ya Unguja kwa ajili ya kuingia ndani yake bila kuulizia kwanza. Pwani epuka Machi hadi Mei, mvua za masika. Raia hulipa kidogo kuliko mgeni, lakini beba kitambulisho chenyewe, picha ya kwenye simu si kila mlinzi ataikubali.