Kufundisha mbinu za takwimu kwa wanafunzi wa uzamivu wa uhasibu wa menejimenti: anza na data ambayo jibu lake unalijua

Mwanafunzi wa uzamivu akikuletea jedwali lenye nyota tatu kila mstari (alama za kwamba uhusiano hauelekei kuwa wa bahati tu), muulize: "Ungejuaje kama jedwali hili linakudanganya?" Wengi watanyamaza. Kusoma wamesoma. Ila hawajawahi kuiona rigresheni (hesabu ya kupima jinsi jambo moja linavyobadilika pamoja na jingine) ikitoa jibu la uongo mbele ya macho yao, kwa kuwa data zote walizozoea zimetoka kwa watu, na ukweli wa data za watu hakuna anayeujua.

Ndiyo maana mafunzo haya ya siku tano yanaanza na data ya kutunga. Yamepangwa kwa wanafunzi wasiozidi 15, kila mmoja na kompyuta yake, na mfano unaotumika tangu mwanzo hadi mwisho ni vyama vya msingi vya ushirika (AMCOS) vya tumbaku mkoani Tabora. Swali: je, kuwashirikisha viongozi na wanachama katika kuandaa makisio ya mapato na matumizi huongeza ufanisi wa chama? Ukifundishia Kigoma, weka kahawa mahali pa tumbaku. Hesabu ni zilezile.

Kabla ya siku ya kwanza

Usitegemee intaneti ya ukumbini. Pakua R (programu ya takwimu) na vifurushi vya psych, lmtest, sandwich na fixest, pamoja na vifurushi vyote vinavyotegemewa na hivyo, uviweke kwenye flashi mbili. Kifurushi kilichotengenezwa kwa toleo jingine la R mara nyingi hugoma kufunguka, kwa hiyo wote wasakinishe R kutoka kwenye flashi yako, hata wale wanaosema wanayo tayari. Jaribu kila kitu kwenye kompyuta ambayo haijawahi kuwa na R. Umeme nao una siku zake: waambie wafike na betri zimejaa, na hatua ya kwanza iwe ya karatasi ili asubuhi isipotee.

Hatua ya 1: sentensi moja na mchoro

Kila mmoja aandike swali lake kwa sentensi moja inayotaja mambo matatu: nani anapimwa (mkulima, meneja au chama kizima), kwa kipindi gani, na kipi kinasababisha kipi. Kisha achore mishale. Saa moja inatosha. Asiyeweza kusema kama anapima watu au vyama asiguse kompyuta bado, maana hatua ya 5 itamkwamisha.

Hatua ya 2: tunga data, kisha ikudanganye

Hapa ndipo penye uzito. Ipe siku nzima.

Waambie ukweli wenyewe kwanza: katika dunia hii tuliyoitunga, kushirikisha watu kunaongeza ufanisi kwa 0.2. Lakini meneja mwenye ujuzi hushirikisha watu zaidi, na chama chake hufanya vizuri hata bila huko kushirikisha. Waandike hivi:

set.seed(1912)
n <- 120
ujuzi <- rnorm(n)
ushirikishwaji <- 0.6*ujuzi + rnorm(n)
ufanisi <- 0.2*ushirikishwaji + 0.5*ujuzi + rnorm(n)
summary(lm(ufanisi ~ ushirikishwaji))
summary(lm(ufanisi ~ ushirikishwaji + ujuzi))

Namba ya kwanza ni mbegu ya bahati nasibu, yaani pa kuanzia kuzalisha namba za kubahatisha; n ni idadi ya vyama. 1912 ni mwaka reli ya kati ilipofika Tabora, lakini namba yoyote inafaa, na kila mwanafunzi awe na yake.

Rigresheni ya kwanza, isiyo na ujuzi, itawapa kizidishi (makadirio ya ongezeko la ufanisi kwa kila kipimo kimoja cha ushirikishwaji) kinachozunguka 0.42. Ukweli ni 0.2. Waonyeshe kwa mkono kilikotoka: 0.2 + (0.5 × 0.6 ÷ 1.36), na hiyo 1.36 ni mtawanyiko wa ushirikishwaji, yaani 0.6 kwa kipeo cha pili kujumlisha 1. Kosa sanifu (kipimo cha jinsi kizidishi kinavyoyumba toka sampuli hadi sampuli) litakuwa karibu 0.085, kwa hiyo nyota zitajaa. Waache wazitazame hizo nyota kwa dakika kadhaa kabla hujaongea. Ni jedwali zuri kabisa, lenye jibu linalozidi ukweli mara mbili.

Sasa wabadilishe n iwe 5000. Wengi hutegemea upotofu utapungua. Haupungui: kizidishi kinabaki 0.42, na kosa sanifu linakuwa dogo mno, kwa hiyo sasa wamekosea kwa uhakika zaidi. Kuongeza sampuli hakuleti kigeu kilichosahaulika.

Rudini kwenye n ya 120, rigresheni ya pili, yenye ujuzi ndani. Kila mmoja asome kwa sauti thamani yake ya p (uwezekano wa kupata tokeo kama hili au kubwa zaidi endapo uhusiano haupo), wewe uandike ubaoni. Takriban sita kati ya kumi watakuwa chini ya 0.05. Wale wanne wengine wametumia modeli sahihi, kwenye dunia ambamo uhusiano upo kweli, na bado hawakuuona. Hiyo ndiyo nguvu ya jaribio, yaani uwezekano wa kuuona uhusiano uliopo, na haihitaji tena slaidi. Wapandishe n hadi 200, warudie: sasa ni karibu wanane kati ya kumi. Kwa kikundi cha watu 15 hesabu yaweza kupotoka kidogo, hivyo kila mmoja arudie kwa mbegu tano.

Ubishi utakaokuja ni kwamba ujuzi wa meneja haupimiki. Kwa sehemu ni kweli. Wape kazi ya kutafuta vinavyoukaribia: miaka kazini, cheti cha uhasibu, hati ya ukaguzi ya miaka iliyopita. Kisha warudie zoezi wakitumia ujuzi uliopimwa kwa makosa, waone upotofu ukipungua bila kuisha. Anayetaka kuandika "tumedhibiti ujuzi" kwenye tasnifu yake atachagua maneno mengine.

Hatua ya 3: haribu kipimo makusudi

Kila mtu anajua kwamba alfa ya Cronbach (kipimo cha uthabiti wa maswali ya dodoso) ya 0.7 "inakubalika". Waulize inakubalika kwa gharama gani. Waongeze kelele kwenye ushirikishwaji:

kipimo <- ushirikishwaji + rnorm(n, 0, 0.76)

Kipimo hiki sasa kina uthabiti wa karibu 0.7. Waweke kipimo mahali pa ushirikishwaji kwenye rigresheni sahihi, yenye ujuzi. Ile 0.2 inashuka hadi karibu 0.13. Inashuka zaidi ya asilimia 30 kwa sababu ujuzi umeshachukua sehemu ya ishara, na kelele yote imebaki kwenye sehemu iliyosalia. Kwa n ya 120, wengi watapoteza nyota zao. Anayekuja na wahojiwa wapya kila mwezi kwa sababu "matokeo hayatoki" huenda tatizo lake liko kwenye dodoso.

Hatua ya 4: dodoso

Vipimo vingi vya kushiriki katika bajeti vilitungwa kwa Kiingereza, kwa mameneja wa kampuni. Sentensi kama "Bosi wangu hunipa nafasi ya kuchangia bajeti" ukiipeleka kwenye AMCOS inaanguka mara mbili. Meneja wa AMCOS hana bosi mmoja, ana bodi, na juu ya bodi upo mkutano mkuu. Na pale chamani watu husema makisio; bajeti kwao ni ile inayosomwa bungeni. Irekebishe: "Kabla makisio hayajapelekwa mkutano mkuu, bodi huniuliza maoni yangu kuhusu kiasi cha matumizi." Kila neno sasa lina mtu na wakati.

Mtu wa pili atafsiri kurudi Kiingereza bila kuona ya awali, kisha watu kumi wajaribishwe kwa kuwauliza, "Hapa umeelewa nini?" Wakijibu "nakubali sana" kuanzia juu mpaka chini, geuza baadhi ya sentensi au badilisha majibu yawe ya mara ngapi kwa msimu.

Usimruhusu mtu yuleyule akupe ushirikishwaji na ufanisi. Mwenye furaha na chama chake atasifu vyote viwili. Ufanisi utoke kwenye hesabu zilizokaguliwa na COASCO (shirika la ukaguzi wa vyama vya ushirika) au kwenye rekodi za masoko. Katika kuingiza data, makosa mawili hurudi kila mara: kiasi kilichoandikwa 1,250,000 kinasomwa kama maneno, na namba 99 ya "hakujibu" inaingia kwenye wastani. Wafundishe kukagua kima cha chini na cha juu cha kila safu kabla ya chochote.

Hatua ya 5: watu 300 si watu 300

Mwanafunzi anayehoji wakulima 10 katika kila chama, vyama 30, hujivunia sampuli ya 300. Wanachama wa chama kimoja hufanana. Ikiwa ufanano huo, ambapo 1 ni kufanana kabisa, ni 0.1, gawanya 300 kwa 1 + (10 − 1) × 0.1, yaani 1.9. Inabaki sampuli yenye uzito wa watu kama 158. Na kama kigeu anachokichunguza kiko ngazi ya chama, mfano ukubwa wa bodi, basi ana vyama 30 tu, hata akihoji kijiji kizima. Hapa ndipo sentensi ya hatua ya 1 inapodai deni lake.

Hatua ya 6: gharama zinazonata

Siku ya nne iwe ya data ya misimu mingi. Mfano wa kufuata ni kazi ya Anderson, Banker na Janakiraman ya mwaka 2003: kwa makampuni 7,629 ya Marekani katika miaka 20, mauzo yakipanda asilimia 1, gharama za uuzaji na utawala zilipanda asilimia 0.55, yakishuka asilimia 1, zilishuka 0.35 tu. Modeli ni fupi: logi ya uwiano wa gharama za mwaka huu kwa mwaka jana, dhidi ya logi ya uwiano wa mauzo, na mara ya pili uwiano huohuo ukizidishwa na kigeu chenye 1 mauzo yanaposhuka. Kizidishi hiki cha pili kikiwa hasi, gharama zinanata.

Kuuleta mtindo huu Tabora kuna mitego. Bei ya tumbaku hupangwa kwa dola, ilhali vibarua na karani wa mizani hulipwa shilingi. Shilingi ikishuka thamani, mauzo yanapanda kwenye daftari bila robota hata moja kuongezeka, na kizidishi kinasinyaa bila sababu ya kiuhasibu. Tumia kilo. Tena, pembejeo hukopwa msimu unapoanza na tumbaku huuzwa mwaka unaofuata, hivyo gharama na mapato ya zao moja vyaweza kuangukia miaka miwili ya fedha. Panga data kwa msimu, si kwa mwaka wa kalenda.

Makosa sanifu yakusanywe kwa chama, yaani mistari yote ya chama kimoja ihesabiwe kuwa kundi moja, ila vyama vikiwa chini ya 40 hivi, yanatoka madogo kuliko ukweli. Kukusanya kwa msimu ukiwa na misimu sita hakusaidii. Weka kigeu kimoja kwa kila msimu, kwani mvua na bei huwapiga wote pamoja.

Hatua ya 7: bahasha

Siku ya tano kila mwanafunzi anatunga data ya vyama 200 yenye kasoro moja aliyoificha: kigeu kilichosahaulika, kipimo chenye kelele, au wanachama wanaofanana. Anaandika ukweli kwenye karatasi, anaufunga kwenye bahasha, na kumpa mwenzake faili na maelezo ya vigeu, huku kile kilichosahaulika kikiwa kimeondolewa. Mwenzake ana saa tatu. Anatakiwa kuandika kizidishi, kosa sanifu, na kasoro mbili anazoshuku pamoja na sababu. Bahasha zifunguliwe mbele ya wote, na alama nyingi zitolewe kwa kushuku kulikosahihi hata kama namba imekosewa.

Mafaili yote ya wiki hii yaanze na neno ZOEZI, na yafutwe kwenye kompyuta kabla mwanafunzi hajafungua folda ya tasnifu yake.