SOMO: Kulinganisha uhimilivu wa mifumo miwili tofauti (mikorosho, pweza, maji, barabara) kwa vipimo vinavyoweza kukanushwa

Wakuu,

Swali ni lilelile kila mara: "Kati ya huu na ule, upi una uhimilivu zaidi?" Leo mikorosho na ufuta, kesho wavuvi wa pweza na wa dagaa, keshokutwa visima na maji ya bomba. Naweka hatua zote hapa ili akiuliza mwingine aelekezwe huku. Msimamo wangu ni mmoja: ukisema mfumo fulani ni mhimilivu bila kuandika matokeo gani yangekuonyesha umekosea, bado hujasema kitu.

Kwanza maneno. Uhimilivu ni kupigwa (na ukame, ugonjwa au bei kuanguka) na kuendelea kufanya kazi yako, au kuanguka na kurudi. Kujirekebisha ni kubadilika ili pigo la aina ileile likija tena lisiume kama la kwanza. Mfumo unaweza kuwa na hili ukakosa lile, kwa hiyo kila kimoja kina kipimo chake.

Hatua ya 1. Andika sentensi moja: uhimilivu wa nini, dhidi ya pigo gani, kwa faida ya nani, ndani ya muda gani.

Hatua ya 2. Chagua kipimo kimoja kwa kila mfumo, kinachopimwa kwa vipindi vilivyo sawa. Pweza: kilo kwa mvuvi kwa siku ya bamvua (maji yanapokupwa sana, kila wiki mbili hivi). Korosho: kilo kwa mti kwa msimu. Maji: saa za maji bombani kwa siku.

Hatua ya 3. Hali ya kawaida. Hapa niliwahi kuharibu kazi nzima, kwa hiyo nitakaa kidogo. Hali ya kawaida ni kiwango unachopimia mshuko na kurudi. Kosa ni kuuchukua mwaka bora kabisa ukaufanya ndio kawaida. Chukueni korosho ya Tanzania. Msimu wa 1973/74 ilifika takriban tani 145,000, kisha ikaporomoka hadi chini ya tani 20,000 msimu wa 1986/87. Kuhamia vijiji vya ujamaa kuliwaweka watu mbali na mikorosho yao, bei ya mkulima ilikuwa ndogo, na ugonjwa wa ubwiri unga ukaingia. Ukiweka 1973/74 kuwa kawaida, utasema mfumo ulihitaji karibu miaka 40 kurudi, kwa kuwa kiwango hicho kilipitwa tena mwanzoni mwa miaka ya 2010. Ukiweka wastani wa miaka kumi ya kabla ya kilele, kizingiti kinashuka na muda wa kurudi unafupika sana. Takwimu ni zilezile, jibu ni jingine.

Tahadhari zake:
- Tumia namba ya katikati (zipange kubwa hadi ndogo, chukua ya katikati) ya vipindi visivyopungua vitano kabla ya pigo. Wastani wa kawaida huvutwa na mwaka mmoja wa ajabu.
- Iandike KABLA ya kufungua takwimu za baada ya pigo. Ukishaona mwisho, mkono unachagua wenyewe.
- Kama kipimo kilikuwa kinapanda, kama korosho ya miaka ya 1960, kawaida si mstari wa kulala. Endeleza mstari wake wa kupanda.
- Rudia hesabu kwa kawaida mbili tofauti. Mshindi akibadilika, sema wazi kuwa amebadilika. Usifiche.
- Kurudi kwa tani si kurudi kwa mfumo uleule. Korosho ilirudi ikiwa na salfa (dawa ya ubwiri unga), miche bora ya kituo cha utafiti cha Naliendele na, kuanzia 2007, stakabadhi ghalani (korosho huwekwa ghalani kwa risiti kisha huuzwa mnadani). Sehemu kubwa ya hapo ni kujirekebisha. Ukiihesabu kuwa uhimilivu umechanganya mafaili mawili.

Hatua ya 4. Pima pigo lenyewe. Huwezi kulinganisha aliyepigwa kofi na aliyepigwa rungu. Mapigo ya aina tofauti yalinganishe kwa uhaba wake. Panga kumbukumbu za miaka yote kuanzia mbaya zaidi, kisha chukua idadi ya miaka ongeza 1, gawa kwa nafasi ya pigo lako. Ukiwa na miaka 20 ya mvua na mwaka wako ni wa pili kwa ukame, ni 21 ÷ 2, yaani pigo la mara moja kwa takriban miaka 10. Fanya hivyo kwa bei ya mnada na kwa siku za barabara kukatika, na hapo una kipimo kimoja.

Mambo mawili hapa. Kumbukumbu fupi inadanganya: kimbunga kilipiga Lindi Aprili 1952, na mwenye daftari la miaka 20 tu angesema hakuna vimbunga huku. La pili, kutopigwa si uhimilivu. Aprili 2019 kimbunga Kenneth kilitutia hofu sote, lakini kilitua Cabo Delgado, Msumbiji, ng'ambo ya mto Ruvuma. Anayeandika kwamba Mtwara "ilihimili Kenneth" anapima bahati.

Hatua ya 5. Toa namba nne: mshuko (asilimia), muda wa kurudi (hadi asilimia 90 ya kawaida), jumla ya kilichopotea, na kiwango kipya baada ya kutulia. Namba hizi ni za kufundishia tu:

Pweza, kawaida kilo 4.0. Bamvua baada ya pigo: 1.0, 1.8, 2.6, 3.4, 3.8, 4.0. Mshuko 75%. Amevuka 3.6 bamvua ya tano. Pengo: 3.0 + 2.2 + 1.4 + 0.6 + 0.2 = 7.4. Gawa kwa 4.0, zimepotea bamvua 1.85 za kawaida.

Korosho, kawaida kilo 8.0 kwa mti. Misimu: 5.0, 6.0, 7.4, 8.0. Mshuko 37.5%. Amevuka 7.2 msimu wa tatu. Pengo: 3.0 + 2.0 + 0.6 = 5.6. Gawa kwa 8.0, umepotea msimu 0.7.

Sasa angalia. Kwa kalenda, pweza amepoteza kama siku 27, korosho zaidi ya miezi minane: pweza kashinda. Kwa saa ya mfumo wenyewe, pweza kachukua vipindi vitano, korosho vitatu: korosho imeshinda. Ndiyo maana saa unayotumia lazima iwe imo kwenye sentensi ya Hatua ya 1.

Hatua ya 6. Andika utabiri unaoweza kushindwa, ukitaja na mahali ambapo hautatokea. Mfano: "Bei ya korosho ikianguka, kipato cha kaya zenye mikorosho, mihogo na mbaazi kitashuka kwa asilimia chache kuliko cha kaya zenye mikorosho peke yake, tofauti isipungue pointi 10. Mvua ikikosekana, tofauti hiyo haitaonekana, maana wote wanategemea mvua ileile." Tofauti ikitokea kote kuwili, maelezo yako ya "mazao mengi" yameanguka, huenda kaya hizo zina mtaji zaidi tangu mwanzo.

Hatua ya 7. Kujirekebisha: gawa hasara kwa ukubwa wa pigo, pigo la kwanza na la pili. Uwiano ukishuka, na mahali pa jirani pasipobadilisha kitu haukushuka, hapo unaweza kusema wamejirekebisha. Wahesabu na walioacha kazi. Ukipima waliobaki tu, kila mfumo utaonekana umejifunza.

Hatua ya 8. Usijumlishe namba nne kuwa alama moja.

MASWALI

Kijana_wa_Nachingwea: Somo zuri mkuu. Kwa hiyo kwa kifupi, korosho na pweza, kipi kina uhimilivu zaidi?

Mwandishi: Hatua ya 5, aya ya mwisho.

Kijana_wa_Nachingwea: Nimesoma, ila nilitaka jibu moja.

Mwandishi: Dhidi ya pigo gani, kwa saa ipi? Andika hivyo viwili nitakujibu.

Lindi_Mjini: Naomba faili la Excel lililokwisha tengenezwa, nina ripoti ya kesho.

Mwandishi: Safu tano: kipindi, kipimo, kawaida, pengo, asilimia ya kawaida. Dakika kumi zinatosha. Ila hali ya kawaida ya usiku mmoja usiiandikie ripoti.

Mtaalamu_Uchumi: Unachanganya ikolojia na uchumi. Mwamba wa bahari na soko la korosho havilinganishiki. Hata neno lenyewe lina maana mbili.

Mwandishi: Maana mbili nazijua. Mwanaikolojia Holling alileta ya ikolojia 1973, kiasi cha pigo ambacho mfumo unaweza kubeba kabla haujageuka kuwa kitu kingine, na 1996 akaitenganisha wazi na ile ya kihandisi, kasi ya kurudi. Muda wa kurudi kwenye Hatua ya 5 ni ya kihandisi, kiwango kipya ndicho kinachokuonyesha kama mfumo umegeuka. Silinganishi mwamba na soko. Nalinganisha umbo la kuanguka na kuinuka kwake, na kila kimoja nimekigawa kwa kawaida yake. Ukiwa na hatua mahususi inayovunjika, itaje kwa namba.

Msimbati_Pwani: Mwalimu, shikamoo. Bamvua ni mzunguko wa kuvua, si wa uhai wa pweza. Pweza wetu haishi zaidi ya mwaka na kidogo. Je, saa ya mfumo isingekuwa kizazi?

Mwandishi: Marahaba dada, umegusa penyewe. Ukiuliza kuhusu kipato cha mama anayechokoa pweza mwambani, saa ni bamvua. Ukiuliza kuhusu pweza wenyewe, saa ni kizazi, na ule mfano wangu wa bamvua tano haujafika hata nusu ya kizazi. Kwa hiyo hauonyeshi kuwa pweza wamerudi. Huenda waliobaki wameongezeka uzito tu, kwa sababu pweza hukua haraka sana. Ongeza safu ya sita: idadi ya pweza, mbali na kilo. Kilo zikipanda na idadi ikabaki palepale, ni kukua. Idadi ikipanda, ni kizazi kipya. Kwa wanaofunga mwamba usivuliwe miezi mitatu, kipimo hiki ni muhimu kuliko kilo za siku ya kufungua.

Msimbati_Pwani: Ahsante. Na bamvua zenyewe hazilingani, maji ya Machi na Septemba hukauka sana.

Mwandishi: Kweli kabisa. Linganisha bamvua ya Machi na ya Machi. Msichanganye kaskazi na kusi pia.

Somanga_Njia_Panda: Nyongeza kwa wanaopima pweza: amueni mapema, mnampima kabla ya kumtoa matumbo au baada. Wanunuzi wawili wa kijiji kimoja wanaweza kutofautiana kwa hilo tu, halafu mnasema ni pigo.

Newala_Juu: Huku salfa inapulizwa kila mwaka. Ubwiri unga hauonekani sana. Tuseme tumejirekebisha?

Mwandishi: Swali zuri. Ugonjwa upo, mnauzuia tu kila msimu wa maua. Hasara ndogo kwa gharama ya kila mwaka ni kinga, na kinga inategemea kitu kingine: salfa ifike kwa wakati. Umeliondoa pigo la ugonjwa ukaingiza pigo la usambazaji. Jaribu hivi: tafuta msimu ambao salfa ilichelewa, ulinganishe mashamba ya miche inayovumilia ugonjwa na ya miti ya zamani. Mashamba ya miche yakishuka kidogo, sehemu hiyo ndiyo iliyojirekebisha. Yakishuka sawa, uhimilivu wote umo ndani ya mfuko wa salfa. Andika pia gharama ya salfa kwa mti, maana hasara iliyozuiwa bila gharama yake ni nusu ya hesabu.

Newala_Juu: Nimeelewa. Kumbukumbu za salfa ziko chama cha msingi, nitaanza hapo.

Mikindani_Maji: Kuna dalili za kuonyesha mfumo unakaribia kuanguka kabla haujaanguka?

Mwandishi: Ipo mojawapo: mfumo unaochoka huchelewa kurudi hata baada ya mapigo madogo. Leo inafanana na jana kuliko zamani, na mtawanyiko wa namba unaongezeka. Kwa pampu ya maji yenye kumbukumbu za kila siku unaweza kuipima: chukua saa za maji za leo na za jana, tafuta uhusiano wake kwa siku 60, sogeza dirisha siku moja moja, uone kama unapanda. Kwa korosho usijaribu. Namba moja kwa mwaka haitoshi. Na kuna maanguko yasiyo na dalili yoyote. Mei 2024 mvua za wakati wa kimbunga Hidaya zilipokata barabara ya Dar es Salaam huku Somanga, hakukuwa na uchovu wa polepole wa kusoma kwenye takwimu za magari. Maji yalikuja, njia ikakatika.

Somanga_Njia_Panda: Kwa barabara tulihesabu siku hadi bei ya mafuta ya kula Lindi ilipotulia, badala ya siku hadi magari yapite.

Mwandishi: Hicho ni kipimo bora kuliko changu. Kinapima kazi ya barabara. Mliandika bei za maduka mangapi?

Somanga_Njia_Panda: Sita, kila jioni, kwenye kaunta buku.

Mwandishi: Weka hapa namba ya katikati ya kila siku, pamoja na wiki tano za kabla, tuihesabu wote.