Kabla hujakata kitambaa cha koseti nyumbani

Koseti haimshindi mtu kwenye cherehani, inamshinda kwenye maandalizi, na ukiwa Mtwara au Lindi ndo zaidi, sababu ukigundua katikati ya kazi kwamba ringi za kupitishia kamba hazitoshi unaweza kuzunguka soko zima ukakosa, inabidi umpigie mtu Kariakoo akutumie kwa basi na sherehe yenyewe ni keshokutwa. Kwahiyo vitu vyote viwe mezani kwanza. Tena msimu wa korosho ukishaanza Oktoba, hela zikaingia, harusi na sendofu zinafuatana, hakuna fundi wa kukuazima hata sindano.

Vipimo mwambie mtu akupime, ukijipima mwenyewe unainama na namba zinadanganya. Kifua, chini ya kifua, kiuno, nyonga, alafu urefu wa kutoka kiunoni kushuka upimwe umekaa kwenye kiti, maana mfupa, yani kile kijiti chembamba kinachoshonewa ndani kuisimamisha koseti, ukizidi hapo kila ukikaa unachoma mapaja na koseti yote inapanda juu. Kubana kiuno, kwa kuanzia inchi mbili zinatosha kabisa, joto la huku la Desemba mnalijua wenyewe.

Kitenge au satini ni ya kuonekana tu. Inayobeba kazi ni ya ndani, tafuta drili ya pamba, kile kitambaa kizito, isiyovutika, ifue, ikauke, piga pasi ndo ukate, na kiunoni upitishe utepe wa pamba kuzunguka ili pasilegee. Bitana nayo iwe pamba, nailoni na jasho la pwani haviendani.

Sasa mifupa. Ya chuma ni mizuri ila ncha ikibaki wazi, kwa jasho na hewa hii ya chumvi, kutu inatokeza mpaka kwenye satini. Mi naona kwa anayeanza achukue tu zile tai za plastiki za kufungia nyaya, duka la vifaa vya umeme zipo, chagua pana, milimita 8 au 9, kata kichwa, ncha zisugue kwa tupa ziwe mviringo, na kila mfupa uwe mfupi kuliko njia yake, ule mfuko mwembamba unamoingia, karibu nusu inchi juu na chini, la sivyo sindano itaugonga ukimalizia pindo. Ringi nunua zile zenye pete ya nyuma, zisizo na pete zinang'oka ukikaza, na kila mstari wa ringi uwekewe mfupa pande zote mbili. Kamba mita 5 au 6. Sindano namba 16, kadhaa, zitavunjika.

Alafu marikani! Hata shuka kuukuu, shona ya majaribio kwanza, mifupa ibandike kwa selotepu, vaa, kaa, inua mikono, mikunjo ikitokea rekebisha hapohapo na karatasi ya patani uichore upya, ndo uguse satini.