Somo: Safisha cheni kwanza, ndipo uitie mafuta

Ndugu zangu, kabla hujashika kopo la mafuta, zima injini, pitisha kidole kwenye cheni ya pikipiki yako, kisha ukisugue na kidole gumba. Ukisikia chengachenga, usiongeze hata tone. Mafuta yaliyochanganyika na mchanga ni msasa, na kila pingili inapojikunja msasa huo unaendelea na kazi yake.

Mimi nilichelewa kulijua hili. Kwa muda mrefu niliamini kwamba cheni iliyolowa ndiyo cheni iliyotunzwa, kwa hiyo kila asubuhi nilimimina oili juu ya vumbi la jana. Nilipobadilisha cheni na sproketi zote mbili (yale magurudumu ya meno yanayobeba cheni, mbele na nyuma) mapema kuliko wenzangu, nililaumu vipuri. Vipuri havikuwa na kosa.

Hebu tufikirie kazi ya kitu hiki. Chukua pikipiki ndogo yenye cheni ya pingili 116 na sproketi ya nyuma ya meno 42. Ukiwa kwenye spidi ya kilomita 60 kwa saa, cheni nzima inazunguka kama mara 3 kila sekunde, na kila pingili inajikunja au kujinyoosha mara 4 kwa mzunguko mmoja: inapoingia na kutoka sproketi ya mbele, inapoingia na kutoka ya nyuma. Hapo katikati kuna pini inayosuguana na bushi, yaani kibomba kidogo kinachoizunguka. Tunaposema cheni imevutika, chuma chenyewe hakijavutika. Ni pini na bushi zimelika. Kila pingili ikilika sehemu ya kumi tu ya milimita, cheni ya pingili 116 imekwisha kurefuka zaidi ya milimita 11.

Jua pia cheni yako ni ya aina gani. Chungulia kati ya vibamba vya pembeni. Ukiona vipete vyembamba vya mpira mweusi, hiyo ni cheni ya oringi: grisi ya kwenye pini iliwekwa kiwandani na oringi ndizo zinazoizuia isitoke. Ukizikata, grisi hiyo imekwenda na huna njia ya kuirudisha. Usipoziona, ni cheni ya kawaida, na pini zake zinategemea mafuta unayotia wewe.

Andaa mafuta ya taa kidogo, brashi ya nailoni au mswaki uliochakaa, vitambaa viwili vitatu, kipande cha boksi na mafuta yenyewe. Brashi ya waya iache, inachana oringi.

Hatua ya 1. Endesha kidogo kwanza. Cheni ikiwa vuguvugu uchafu unalegea na mafuta yanapenya vizuri. Kisha simamisha pikipiki kwenye stendi kubwa mahali palipo sawa, zima injini, toa ufunguo na weka gia kwenye nyutro.

Naomba nikae hapa kidogo. Kuna watu wanawasha injini, wanaingiza gia ya kwanza na kuacha tairi lizunguke lenyewe huku wameshika kitambaa. Usifanye hivyo, na ukimwona mwenzako anafanya mzuie. Kitambaa kikinaswa na meno ya sproketi kinavuta vidole kabla hujafumba jicho. Nimeshuhudia mtu akipoteza ncha ya kidole namna hiyo. Zungusha gurudumu kwa mkono, tena kinyumenyume, huku ukifanyia kazi upande wa chini wa cheni karibu na sproketi ya nyuma. Ukizungusha hivyo, cheni inatoka kwenye meno kuja kwako, haipeleki vidole vyako kwenye meno.

Hatua ya 2. Lowesha brashi kwa mafuta ya taa, sugua pande zote nne: juu, chini na vibamba vya pembeni. Usiiloweke cheni, lowesha tu. Futa kwa kitambaa, rudia mpaka kitambaa kisitoke cheusi sana. Meno ya sproketi nayo yasuguliwe, na ukiweza fungua kifuniko cha sproketi ya mbele. Watu wengi hawajawahi kukifungua tangu wanunue pikipiki, na ndani yake kuna tope la mafuta na mchanga ambalo litaichafua cheni yako safi siku hiyohiyo.

Hatua ya 3. Kausha kwa kitambaa, acha robo saa ili mafuta ya taa yaliyobaki yakauke. Ukiwahi kutia oili, mafuta ya taa yataifanya nyepesi.

Hatua ya 4. Sasa mafuta. Pale ambapo wengi wanakosea ni upande wa kutia. Wanamwaga juu ya mgongo wa cheni, sehemu inayoonekana. Tia upande wa ndani, ule unaogusa meno, kwenye mkondo wa chini, yaani kipande cha cheni kinachopita chini kati ya sproketi mbili. Cheni ikizunguka, mafuta yanasukumwa kwenda nje na yanapita kwenye rola (vile vipete vya chuma vinavyogusa meno) na vibamba yakiwa njiani. Ukitia upande wa nje, yanaruka moja kwa moja kwenye rimu.

Lenga mstari wa kushoto, pale vibamba vinapokutana, zungusha raundi nzima. Kisha mstari wa kulia. Kisha katikati kwenye rola. Oili ya gia ya namba 80 au 90 inafaa sana, na inatosha tone moja kwa kila sehemu. Ukitumia ya kupuliza, hakikisha kopo limeandikwa kwamba linafaa cheni ya oringi. Shikilia lile boksi nyuma ya cheni, maana mafuta yakifika kwenye tairi au diski ya breki utaanguka kwenye kona ya kwanza.

Hatua ya 5. Subiri dakika kumi au zaidi, kisha futa. Ndiyo, futa mafuta uliyotia mwenyewe. Yanayofanya kazi yameshaingia ndani. Yaliyobaki nje yanakusanya vumbi tu. Vibamba vinahitaji utando mwembamba wa kuzuia kutu, basi.

Hatua ya 6. Malizia kwa kupima ulegevu. Katikati ya mkondo wa chini, sukuma cheni juu na chini kwa kidole. Pikipiki nyingi ndogo zinataka milimita 20 hadi 30, kubwa zaidi 30 hadi 40, lakini kitabu cha pikipiki yako ndicho chenye neno la mwisho. Zungusha gurudumu, upime sehemu tatu nne, kwa sababu cheni hailiki sawasawa. Ukirekebisha, fuata ile sehemu iliyokaza kuliko zote.

Rudia zoezi hili kila kilomita 500 hadi 1,000, na kila baada ya kunyeshewa. Kwenye vumbi jingi usisubiri kilomita hizo.

MASWALI YA WANACHAMA

Swali: Mkuu, mafuta ya taa sina. Petroli haifai? Si inasafisha haraka zaidi?

Jibu: Inasafisha haraka, na inaharibu mpira wa oringi haraka vilevile. Zaidi ya hapo, umetoka kuendesha, ekzosi ni ya moto, nawe una petroli wazi mkononi. Hapana, kaka. Tumia maji yenye sabuni na brashi, suuza taratibu, kausha vizuri kabisa halafu utie mafuta bila kuchelewa, kutu isikuwahi.

Swali: Fundi, sisi tunatumia oili chafu inayomwagwa kutoka kwenye injini. Ni bure na cheni hailii. Ubaya wake nini?

Jibu: Hailii kwa sababu imelowa. Oili ile imebeba masizi na chembechembe za chuma kutoka ndani ya injini, na ndiyo sababu ikamwagwa. Unachotoa kwenye injini kwa kuwa kinasaga, unakipeleka kwenye cheni kikasage huko. Kichupa kidogo cha oili mpya ya gia kinakaa muda mrefu ukitia kwa matone.

Swali: Nimefanya yote, lakini cheni bado inagonga kila gurudumu likizunguka. Nimekosea wapi?

Jibu: Huenda hujakosea, huenda cheni imekwisha. Zungusha polepole, tafuta pingili zilizoganda, ambazo hazinyooki zikitoka kwenye meno. Kisha ivute cheni nyuma, kwenye kitako cha sproketi kubwa. Ikiachana na jino mpaka ukaona nusu ya jino, imekwisha. Kama una rula na cheni yako ni ya saizi namba 428, nyoosha pingili 20 upime kutoka pini hadi pini. Mpya ni milimita 254. Vitabu vinatofautiana juu ya kikomo, ila mimi nikiona inakaribia 258 naanza kutafuta nyingine. Meno yakiwa yamelala kama ya papa, badilisha cheni na sproketi zote mbili kwa pamoja. Cheni mpya kwenye meno yaliyolika inazeeka upesi sana.

Swali: Samahani mwalimu, pikipiki yangu ina stendi ya pembeni tu. Nafanyaje nikiwa peke yangu?

Jibu: Dada, usihangaike kuiinua. Weka alama ya chaki kwenye pingili moja, safisha kipande unachokifikia, isogeze mbele hatua moja, safisha kinachofuata, mpaka alama irudi. Kwenye mafuta vilevile. Inachukua muda mrefu zaidi lakini matokeo ni yaleyale.

Swali: Nimekaza cheni kama ulivyosema, sasa breki ya nyuma inakamata yenyewe. Inahusiana?

Jibu: Inahusiana kabisa, na nilipaswa kuiandika kwenye hatua ya 6. Kwenye breki ya dramu yenye fimbo, ukirudisha gurudumu nyuma unaivuta ile fimbo, breki inajikaza. Legeza nati ya fimbo mpaka pedali ipate nafasi yake, na uangalie kama taa ya breki haibaki inawaka. Hakikisha pia alama za kushoto na kulia kwenye ekseli zinalingana, na upime ulegevu tena baada ya kukaza nati ya ekseli, kwani mara nyingi unabadilika. Na kama cheni yako ina loki ya klipu, yaani pingili ya kuungia inayoshikwa na kibanio, tazama mdomo wa klipu: upande uliofungwa ndio utangulie cheni inapokwenda, ulio wazi ufuate nyuma. Fundi mmoja aliwahi kunifungia kinyume, ikachomoka nikiwa barabarani.