Kamera katika nyumba yako ya Mombasa ukiwa ughaibuni

Mwenye nyumba ya Nyali au Kizingo aliyehamia Leicester au Dubai siku hizi huilinda kwa simu: kamera zimefungwa getini, sebuleni na hata jikoni, naye hutazama kutoka huko aliko nani kaingia na nani katoka. Jambo hilo halikatazwi. Hata hivyo wanaoishi humo, awe ni yaya, mpangaji au shangazi aliyeachiwa funguo, wana haki ya faragha chini ya Kifungu cha 31 cha Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, na haki hiyo haiwaondokei kwa kuwa hati ya nyumba ina jina lako.

Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 haizigusi shughuli za mtu binafsi zinazohusu nyumba yake tu, lakini wengi huuvuta msamaha huo kupita kiasi. Ukiikodisha nyumba kwa wageni wa likizo, hiyo tayari ni biashara. Na ukisambaza video ya mfanyakazi katika kundi la WhatsApp la mtaa ukimwita mwizi, ni vigumu kudai kuwa hayo ni mambo ya nyumbani. Kamishna wa Ulinzi wa Data anaweza kutoza faini ya hadi shilingi milioni 5.

Sebule ndiyo yenye utata zaidi, na kwa maoni yangu isiwe na kamera kabisa ikiwa wanawake wanaishi humo. Mwanamke wa Mombasa akishavuka kizingiti huvua buibui akabaki na leso, akiamini kwamba hakuna mwanamume asiye maharimu, yaani asiye ndugu wa karibu aliyeharamishwa kumwoa, anayemwona. Mgeni hubisha hodi mara tatu, na asipoitikiwa hurudi zake. Wewe unaingia kwa simu bila hodi.

Katika vichochoro vya Mji wa Kale, ambako madirisha yanatazamana, ielekeze kamera kwenye mlango wako, isichukue ukumbi wa jirani. Chumba cha yaya na bafu havina mjadala: humo kamera isiwekwe. Kabla ya kufunga kifaa chochote, mweleze kila anayeishi humo kamera ziko wapi, nani anaziona na picha zinahifadhiwa kwa muda gani, kisha muandikishiane. Zima kinasa sauti. Na mdogo wako uliyempa nywila akiacha kusimamia nyumba, ibadilishe siku hiyo hiyo.